Goti limelala, studio nzima imelala

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia mguu ukiwa juu ya mito miwili, kwa hiyo ukiona barua ina uchungu mwingi, sehemu yake ni ya goti.

Mimi ni mwalimu wa dansi, nina miaka 39, na studio yangu ina miaka 7. Nilianza na watoto 6 kwenye ukumbi wa kukodi wenye kioo kimoja kilichopasuka kona. Leo nina wanafunzi 64, wadogo kwa wakubwa, na madarasa 13 kwa wiki. Katika hayo, 11 nayafundisha mwenyewe. Mawili ya watoto wadogo kabisa yako kwa msaidizi wangu, binti wa miaka 22 niliyemfundisha tangu akiwa na miaka 15. Hata hayo mawili hatua napanga mimi, yeye anazirudia tu.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye darasa la tatu la jioni, nawaonyesha vijana mruko na namna ya kutua. Mruko huo nimeuonyesha labda mara elfu. Nilipotua, goti likaenda ndani na nikasikia kama kitu kimenyofoka. Bahati yangu, halikuhitaji upasuaji. Niliambiwa wiki 6 bila kuruka wala kuchuchumaa. Nilivumilia siku 9. Siku ya 10 nilimeza vidonge vya maumivu nikarudi darasani, na sababu ndiyo hii ninayotaka kukusimulia.

Nilimwachia msaidizi madarasa yote. Siku ya pili akanipigia simu analia. Vijana wakubwa, ambao nimekaa nao miaka 4 na wengine 5, wameshindwa kucheza dansi ya onyesho. Dansi hiyohiyo wanayoicheza vizuri nikiwepo! Aliweka muziki, wakaanza vizuri, wakafika katikati wakasimama wakitazamana kama abiria walioshushwa njiani. Akawarudisha mwanzo, wakasimama palepale. Nilipomwuliza mmoja wao kulikoni, akanijibu bila kunificha: "Mwalimu, hapo huwa tunakuangalia wewe."

Nikakumbuka kuwa katika maonyesho yetu yote mimi husimama chini, mbele ya jukwaa, gizani, nikicheza dansi yote mwanzo hadi mwisho ili wasipotee. Sikuwahi kuona tatizo hapo. Nilidhani ni upendo.

Halafu kuna wazazi. Kwetu mtu analipa kila darasa analohudhuria. Siku zile 9 nusu ya watu hawakuja, wameambiana kuwa mwalimu mwenyewe hayupo. Kodi ya ukumbi haikunisubiri. Niliporudi nikafundisha nimekaa. Mama mmoja akasema mbele ya watu, "Sisi tunalipa mwalimu acheze, si akae kwenye kiti kama mgeni rasmi." Watu wakacheka. Nikainuka nikacheza. Usiku goti likavimba kama embe.

Utaniuliza mbona simpi msaidizi nafasi zaidi. Shangazi, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka 3 iliyopita nilikuwa na mwalimu mwenzangu, hodari, anapendwa. Tukakosana kwa sababu alitaka kubadilisha hatua na mimi nikamkatalia. Studio ina mtindo wake, na mtindo huo ni wangu. Akaondoka, na wanafunzi 17 wakamfuata. Hatukuwa na mkataba wowote. Tangu hapo nimeapa hakuna mwalimu mwingine atakayezoeana na wanafunzi wangu kiasi kile.

Onyesho letu ni wiki 9 zijazo. Makundi ni 5, kila kundi dansi 3, na katika hizo 15 kuna 6 ambazo bado sijazitunga. Sakafu yetu ni vigae juu ya zege, kama hilo nalo lina maana. Nimewaza kufunga studio kabisa. Nimewaza kuahirisha onyesho. Nimewaza pia niendelee na vidonge mpaka onyesho lipite, kisha nipumzike. Nifanye lipi?

Mwalimu wa mguu mmoja

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa goti, na pole zaidi kwa kile kicheko. Najua goti litapona kabla yake.

Tuanze na vidonge, maana hilo halina mjadala. Kidonge cha maumivu ukimeza ili ucheze, umemfunga mdomo mlinzi na mwizi bado yumo ndani. Acha. Rudi kwa mtaalamu aliyekupa zile wiki 6, mwambie ukweli kuwa ulirudi siku ya 10 na goti limevimba upya, na umwulize swali ambalo walimu wa dansi hatupendi kuuliza: si "lini nitaruka?" bali "leo naruhusiwa nini?" Huenda unaruhusiwa mengi kuliko unavyodhani, ila akuambie yeye, si mimi wala yule mama.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara mbili na kila mara nimesimama palepale walipokwama vijana wako: "Hapo huwa tunakuangalia wewe." Ungeniandikia sentensi hiyo peke yake ningekuwa nimepata kisa chote.

Vijana wale si wazembe, wala msaidizi wako si dhaifu. Wamejifunza barabara kile ulichowafundisha kwa miaka 5, yaani kukufuata. Mwanafunzi anayemtazama mwalimu kwenye kioo hucheza kwa kuchelewa kidogo sana, pungufu ya pigo moja, na macho yake ndiyo yanayofanya kazi ambayo masikio na kumbukumbu vingefanya. Kwa mbali anaonekana anajua. Hata yeye anaamini anajua. Mtoe mwalimu kwenye kioo, utaona alichokuwa anakijua kilikuwa mwilini mwa mwalimu. Mwili huo sasa una goti bovu, na ndiyo maana dansi nayo inachechemea.

Nitakwambia langu ili usione nakusema. Mwaka wangu wa 12 wa kufundisha, sauti ilinikauka wiki nzima, hata kunong'ona siwezi. Mimi nilikuwa mwalimu wa kupiga kelele: moja-mbili-tatu-nne juu ya muziki, darasa zima, kila darasa. Wiki ile nikafundisha kwa makofi na vidole. Siku ya tatu msichana mmoja akaniambia, "Kumbe kuna ngoma ndogo huku nyuma ya wimbo!" Wimbo tulikuwa tumeucheza miezi minne. Nilikuwa nimeufunika na mdomo wangu. Niliuchukia ugunduzi huo, nisikufiche, kwa sababu ulimaanisha kuwa nilipojiona najituma ndipo nilipokuwa nawaziba.

Basi kiti unachokionea aibu ndicho kitakachokufundisha kufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kule Marekani, Arthur Murray aliuza masomo ya dansi kwa posta: mteja anapelekewa michoro ya nyayo, anaitandaza sakafuni, anaweka mguu pale nyayo inapomwambia. Watu wengi walijifunza bila kuona goti la Murray hata siku moja. Sisemi ufundishe kwa barua. Nasema hatua inaweza kusafiri bila miguu yako, ukiipa chombo kingine cha kusafiria.

Chombo cha kwanza ni sauti, lakini si ya kuhesabu. Hesabu ya moja mpaka nane inamwambia mchezaji ni lini, haimwambii vipi. Imba hatua: "taaa-ka-tam, na shuka". Mruko mzito na mruko mwepesi vinaweza kuwa na hesabu moja, lakini haviwezi kuimbwa kwa namna moja. Kisha kila kifungu cha hatua kipe jina. Nilikuwa na kifungu tulichokiita "kufukuza kuku", na mpaka leo watu wazima wenye watoto wao wakikutana nami njiani wananifukuzia kuku.

La pili ni maneno ya kusahihisha. Umezoea kusema "nyoosha goti" halafu unanyoosha lako waone. Sasa lako halinyooki. Sema "sukuma sakafu ikukimbie". Watafiti wa namna watu wanavyojifunza miondoko, Gabriele Wulf akiwa mmojawapo, wameonyesha mara nyingi kuwa mtu hujifunza vizuri zaidi akili yake ikielekezwa kwenye matokeo ya mwendo nje ya mwili kuliko kwenye kiungo chenyewe. Sisi wazee tulikuwa tunalifanya bila kujua jina lake. Na sahihisho moja kwa wakati mmoja, tafadhali. Ukimpa mtoto matano, atachagua lile rahisi na kukusahau mengine.

Hapa niingize jambo ambalo hukuliuliza. Mwalimu asiyeweza kuonyesha hushikwa na tamaa ya kusogeza miili ya wanafunzi kwa mikono yake. Omba ruhusa kwanza, kila mara, hata kwa mtoto wa miaka 6, hata kama ni bega tu, na akisema hapana pita kana kwamba amekwambia saa ngapi. Mwambie na msaidizi wako afanye vivyo hivyo.

Turudi kwa wale waliokwama katikati. Dansi nyingi hukwama katikati kwa sababu tunaifundisha kutoka mwanzo: sehemu ya kwanza inarudiwa mara 100, ya mwisho mara 10, tena wakiwa wamechoka. Geuza. Wafundishe kuanzia mkia. Siku moja sehemu ya mwisho tu, siku inayofuata ile inayoitangulia kisha wanaingia kwenye wanayoijua, na hivyo hivyo mpaka wafike mwanzo. Mchezaji anakuwa anatoka ugenini kwenda nyumbani, na uso wake jukwaani unaonyesha hivyo.

Pamoja na hilo, wape vituo. Kila wimbo una sehemu nne au tano ambazo hata asiyejua muziki anazisikia: ngoma inaingia, sauti inakatika, kinanda kinabaki peke yake. Wakae chini wausikilize wimbo bila kucheza na wakutajie vituo hivyo wao wenyewe. Kisha kila mmoja ajue kwenye kila kituo amesimama wapi na mkono uko wapi. Anayepotea hafuati jirani wala hamtafuti mwalimu gizani. Anatulia, anasikiliza, anadaka kituo kinachofuata. Kupotea nako hufundishwa, na sijui kwa nini walimu wengi tunakuacha kama ajali.

Na kioo? Kifunike. Shuka mbili na kamba zinatosha. Ukishindwa kukifunika wageuze wakipe mgongo. Siku ya kwanza watalalamika kuwa chumba kimegeuka, na watakuwa wanasema kweli, kwa sababu walijifunza chumba badala ya dansi. Usiondoke mbele yao ghafla lakini. Wiki hii uwe mbele umekaa, ukionyesha kwa mikono tu. Wiki ijayo kaa pembeni. Ya tatu kaa nyuma yao. Ya nne toka nje na usikilize mlangoni. Kila ukisogea, watadorora kidogo kisha watainuka tena. Ule mdororo wa siku mbili tatu ndio utakaokutia majaribuni uinuke. Kaa!

Kuhusu goti lenyewe kuna mambo mawili ulinitajia kwa kupita. La kwanza, "darasa la tatu la jioni". Bila shaka ulipasha mwili joto na darasa la kwanza, kisha ukawa unasimama, unaongea, unatembea, unapoa. Halafu unaruka mara moja kwa nguvu zote, unaendelea kuongea. Nina hakika pia huwa unaonyesha kwa mguu uleule kila siku, upande ambao ni mzuri kwako. Wanafunzi wako hupasha mwili joto kabla ya kuruka, wewe huruki ukiwa na joto hata kidogo. Utakaporuhusiwa tena, onyesha mruko mzima mara moja tu kwa darasa, baada ya kupasha mwili pamoja nao, na wiki hii kulia, wiki ijayo kushoto. Kupasha mwili ni kuutembeza na kuuzungusha. Ile ya kujinyoosha na kushikilia kwa muda mrefu iache mwishoni, kwa sababu kabla ya mruko hupunguza nguvu ya misuli.

La pili ni vigae juu ya zege, "kama hilo lina maana". Lina maana kuliko kioo, mapambo na jina la studio ukiviweka pamoja. Mtu akitua kutoka kwenye mruko, mguu hupokea uzito mara kadhaa ya ule wa mwili wake, na zege hairudi nyuma hata unywele. Inaurudisha wote kwenye ugoko, goti na kiuno. Zulia la plastiki juu yake huzuia kuteleza tu. Unachohitaji ni sakafu yenye mnepo: mbao au plaiwudi zilizolazwa juu ya vipande vya sponji ngumu au juu ya fito zilizopishana, zenye nafasi ya kubonyea kidogo na kurudi. Sponji isiwe laini mno, maana hapo vifundo vya miguu ndivyo vitakavyolipa. Kwa kuwa umekodi, tengeneza vipande vinavyofungwa na kufunguliwa ili ukihama uhame navyo. Huwezi kuitandika yote mwezi huu, najua. Anza na robo ya chumba, na miruko yote ifanyike pale kwa zamu. Penginepo popote, hakuna kuruka. Kama wazazi wako wanataka kuona kitu cha kulipia, waonyeshe hicho.

Sasa nyoka wako. Mwanangu, niruhusu nikwambie kitu ambacho hukukiandika lakini kimo. Yule mwalimu alipendwa, alikuwa hodari, na hakuruhusiwa kubadilisha hatua hata moja. Mtu wa namna hiyo alikuwa na milango miwili tu kwako: abaki kuwa kivuli, au aondoke. Mkataba ungekusaidia, na nitausema hivi punde, lakini usiutegemee ukufanyie kazi ya kumpa mtu nafasi. Na wale 17 hawakuibwa. Walimfuata aliyewajua kwa majina, kama ambavyo leo nusu ya studio inabaki nyumbani wewe usipokuwepo. Ni ugonjwa mmoja, safari hii umekupata kwa upande mwingine.

Unasema mtindo ni wako. Sawa. Enrico Cecchetti, mwalimu wa baleti aliyefundisha hadi mwaka wa kufa kwake, 1928, akiwa na miaka 78, alipanga mazoezi yake kwa siku za wiki: Jumatatu na yake, Jumanne na yake. Mwaka 1922, angali hai, watu wengine waliandika mbinu yake kitabuni, na leo inafundishwa na watu ambao babu zao hawakumwona. Germaine Acogny, aliyeanzisha École des Sables kule Senegali na mumewe Helmut Vogt mwaka 1998, naye amefunza walimu wanaoibeba mbinu yake nchi kwa nchi. Wako umeandikwa wapi? Ukiulizwa leo darasa la Jumatano la vijana lina nini ndani yake, utajibu kwa kuinuka na kucheza.

Kaa basi na binti yako, daftari katikati. Kila darasa liwe na ukurasa: linaanzaje, mazoezi gani hayabadiliki, lengo la mwezi ni nini, wapi mwalimu ana uhuru. Hiyo sehemu ya mwisho usiiache tupu. Kisha mpe madarasa 4 yawe yake kwelikweli. Apange hatua, aongee na wazazi, atie jina lake kwenye ratiba, akosee. Usiingie katikati ya darasa lake kurekebisha. Ukiona kosa, liandike, mkalizungumze baadaye nyie wawili. Kwa miaka 7 amekuona ukicheza, hajawahi kukuona ukifikiri, na ualimu uko huko. Kila wiki keti naye nusu saa umweleze kwa nini, si nini.

Na umlipe kwa kila saa anayofundisha, kwa kiwango kilichoandikwa. Kwenye karatasi hiyohiyo yaingie haya: muda wa kutoa taarifa kabla ya kuacha kazi, kwamba orodha ya namba za wazazi ni ya studio, na kwamba hatawashawishi wanafunzi wahame kwa muda mtakaokubaliana. Hatua anazotunga yeye ni za nani? Lijibuni hilo mapema, maana hapo ndipo walimu wengi hukosania. Mpe mwanasheria aisome, sheria za kazi hazifanani kila mahali. Kisha, baada ya kuisaini, ujue anaweza kuondoka bado. Akiondoka akiwa ameachia madarasa yenye daftari na wanafunzi wanaojua kusikiliza muziki, utampata mwingine.

Malipo. Kulipa kila darasa kunamfundisha mteja kuuliza kila jioni, "Leo nani yupo?" Hamia malipo ya mwezi au ya muhula, yanayolipwa mwanzoni, yenye kanuni moja iliyoandikwa: darasa likifundishwa na mwalimu yeyote wa studio limefanyika, likifutwa na studio linafidiwa. Waachie wageni wachache nafasi ya kulipa mara moja kwa bei ya juu kidogo. Na uyahesabu madarasa yako. Wanafunzi 64 kwa madarasa 13 ni wastani wa watu 5 kwa darasa, na hata kila mmoja akija mara mbili kwa wiki ni 10. Chukua darasa moja moja: kodi ya saa ile, umeme, mwalimu, pamoja na mshahara wako wewe, ambao nina wasiwasi hujawahi kuuandika popote. Wangapi walipe ndipo virudi? Nadhani utakuta madarasa mawili au matatu ambayo umekuwa ukiyaendesha kwa goti lako. Yaunganishe.

Wazazi waandikie leo, kabla ya uvumi kufika mahali pa kulala. Mfano huu uukatekate upendavyo:

"Wazazi na wanafunzi wapendwa, nimeumia goti na kwa wiki kadhaa nitafundisha bila kuruka. Madarasa yote yanaendelea. Madarasa manne yatakuwa chini ya mwalimu mwenzangu mnayemfahamu, naye ndiye atakayejibu maswali yenu kuhusu madarasa hayo. Mtaona pia kioo kimefunikwa. Tunawafundisha wacheze kwa kusikia na kukumbuka, si kwa kunitazama. Karibuni kuangalia dakika 10 za mwisho za darasa Ijumaa ya wiki ya tatu."

Umeona? Hakuna kuomba radhi. Yule mama akirudia la mgeni rasmi, mjibu kwa tabasamu: "Hulipii mimi nicheze, mama. Unalipia mwanao acheze." Kisha endelea na darasa. Usisubiri aelewe.

Onyesho usiliahirishe. Zile dansi 6 zisizotungwa zifute, na hakuna mtazamaji atakayejua zilikuwepo. Ubaki na 9, na ya kumi mpe msaidizi aitunge mwenyewe kwa watoto wadogo, bila wewe kuiona mpaka iwe tayari. (Hilo ndilo zoezi gumu kuliko yote niliyokupa, na sio lake.) Wiki 3 kabla, hakuna hatua inayobadilishwa tena, hata ukiota nzuri usiku. Kila kundi liwe na mmoja anayeanzisha kwa pumzi, wengine wakamsikia. Mazoezi mawili ya mwisho yafanyike kwenye mwanga mdogo, mbele yao kuwe na viti vitupu, ili wazoee giza lisilo na mtu ndani yake.

Kufunga studio tusiongee sasa. Mtu halipimi shamba akiwa amekanyaga mwiba. Likikuganda hilo wazo mpaka mwezi mmoja baada ya onyesho, niandikie tena tulitazame kwa hesabu.

Wakati huo huo, nunua tiketi ya onyesho lako mwenyewe. Safu ya sita au ya saba, katikati, mbali na ngazi za jukwaa, na mtu mzito akae kando yako akuzibie njia. Ukinijibu, niambie tu ulikaa mpaka mwisho au la.

Shangazi